Kwa mwalimu uliyepangiwa darasa la tatu

Mwalimu mwenzangu, ukisharipoti kituoni na kukabidhiwa darasa la tatu, usikimbilie mada ya kwanza ya muhtasari. Wiki ya kwanza itumie kujua kila mtoto amefikia wapi. Mtaala wa Tanzania ulioanza mwaka 2015 uliliachia darasa la kwanza na la pili kazi ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na vitabu vya la tatu vimeandikwa kwa mtoto ambaye tayari anazimudu. Utakuta wanaozimudu, na utakuta waliopanda na wenzao huku bado wanahangaika na silabi. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa yamejaa, na katika watoto 80 asiyejua kusoma hujificha kirahisi sana: anaitikia kwa sauti pamoja na wengine.

Kipimo hakihitaji fedha. Andika kwa mkono kwenye karatasi moja herufi chache, silabi, maneno, kisha aya fupi. Wenzake wakifanya zoezi, muite mmoja mmoja nyuma ya darasa. Akiisoma aya kwa kasi huku macho yanatazama kwingine, mwoneshe neno moja la katikati, au mwambie aanze na neno la mwisho kurudi la kwanza. Wapo waliokariri kurasa nzima kwa kuwasikiliza kaka na dada zao. Na ukiwa Usukumani, anayeandika “lafiki” usimhesabu kuwa hajui kuandika. Anaandika anavyotamka nyumbani, na anachohitaji ni mazoezi ya sauti hiyo moja.

Hata makosa yanayofanana kwa alama hutofautiana kwa chanzo. Mtoto akiandika 52 – 37 = 25, ametoa tarakimu ndogo katika kubwa kila upande, 7 toa 2, 5 toa 3. Kutoa anajua, ila hajaelewa makumi na mamoja. Mpe mafungu matano ya vijiti kumi kumi na vijiti viwili vya peke yake, afungue fungu moja mwenyewe. Aliyeandika 16 amekosea kuhesabu tu. Ukiwawekea wote alama nyekundu ya kosa na kuwarudishia madaftari, hujamsaidia hata mmoja.

Kabla hujampeleka mtoto kundi la silabi, hakikisha anaona na anasikia. Linganisha anachonakili ubaoni na anachonakili kitabuni. Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu na mwanga mkali humuumiza, kwa hiyo akae mbele, dirisha lisimwangaze usoni, aruhusiwe kuusogelea ubao, nawe usome kwa sauti kila unachoandika.

Katika kipindi chenyewe, wafundishe wote mada moja, halafu kazi ndizo zitofautiane. Kama ni hadithi fupi, kundi moja litafute humo maneno yenye “mba” na “nda”, jingine lijibu maswali, la tatu liandike mwisho tofauti wa hadithi. Wewe kaa na kundi la kwanza. Wanaokwenda haraka usiwaongezee maswali kumi ya aina ileile, wala usiwageuze walimu wasaidizi kila siku; nao wamekuja kujifunza, wape swali gumu zaidi.

Makundi yape majina ya matunda au ya mito, na jina “wazito” lisisikike hata ofisini, maana watoto husikia. Kwenye andalio la somo andika wazi kila kundi litafanya nini, ili hata mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija aone mpango.

Kisha rudia kipimo kila mwezi. Aliyevuka silabi mhamishe siku hiyohiyo, asingojee muhula uishe.