Maswali ya Wasomaji: Kivumishi cha Kiingereza Kinapokaa Baada ya Nomino

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Katika kuandaa maelezo mafupi ya Kiingereza kwa ajili ya wageni, niliandika "We sell our raw cashews at the auction." Mwenzangu aliigeuza ikawa "We sell our cashews raw at the auction", akasema ndivyo nilivyokusudia. Shuleni tulifundishwa kwamba kivumishi cha Kiingereza hutangulia nomino. Je, mwenzangu ana haki ya kukiweka nyuma?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Marahaba. Mwenzako ana haki, na sentensi yako nayo haina kosa la sarufi, ila sentensi hizo mbili hazisemi jambo moja. Ya kwanza inataja ni korosho zipi mnazopeleka mnadani, na msomaji makini anaweza kudhani kwamba mnazo pia zilizobanguliwa ambazo mnaziuza mahali pengine. Ya pili inaeleza korosho zenu ziko katika hali gani zinapouzwa, yaani mnaziuza zikiwa bado ghafi. Mgeni anayetaka kuelewa kwa nini korosho nyingi za Mtwara na Lindi husafirishwa kwenda kubanguliwa India na Vietnam atapata habari yake katika sentensi ya pili.

Kanuni uliyofundishwa ni ya kweli, lakini inahusu kivumishi kilichomo ndani ya kundi la nomino. Katika "our cashews raw", neno "raw" limetoka nje ya kundi hilo na linatoa habari kuhusu shamirisho, ambalo wengine huliita yambwa. Njia rahisi ya kulithibitisha ni kuweka kiwakilishi "them" mahali pa kundi zima la nomino. Sentensi ya mwenzako itakuwa "We sell them raw", na "raw" litabaki limesimama. Yako itakuwa "We sell them" tu, kwa kuwa "raw" limemezwa pamoja na nomino yake.

Kinachotutatiza sisi ni kwamba kivumishi cha Kiswahili hufuata nomino katika hali zote mbili, hata "tunauza korosho ghafi" ikabeba maana zote, na tunapotaka kuzitenga tunasema "tunaziuza zikiwa ghafi." Kwa hiyo, unapoandika Kiingereza, jiulize kama wazo lako lingekubali "ikiwa", "zikiwa" au "wakiwa", likikubali, mara nyingi kivumishi kitakaa baada ya shamirisho. Ndivyo ilivyo katika "They eat the mangoes green", yaani wanayala maembe yakiwa mabichi, na katika "I drink my coffee black", yaani nainywa kahawa bila maziwa.

Lipo kundi la pili ambalo kipimo cha "zikiwa" hakilifikii, nalo ndilo linalonivutia zaidi. Hapa kivumishi hutaja hali inayozaliwa na tendo lenyewe. Watu wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, wanajua kwamba pweza hupigwa kabla ya kupikwa ili nyama yake ilainike. Kiswahili kinahitaji vitenzi viwili kulieleza jambo hilo: wanampiga pweza hadi analainika. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja na kivumishi: "They beat the octopus tender." Bila shaka pweza hakupigwa akiwa laini, ulaini umekuja baada ya kipigo. Vivyo hivyo "He painted the boat blue" ina maana kwamba mashua ilipakwa rangi ikawa ya buluu, ilhali "He painted the blue boat" haisemi ilipakwa rangi gani, bali inasema tu kwamba iliyopakwa ni ile ya buluu.

Kundi hili lina mipaka, na mipaka hiyo haivukwi kwa kubuni. Kivumishi kinachokubalika hasa ni kile kinachotaja kikomo cha tendo, kama "flat", "open", "clean", "dry" na "dead". Fundi anaweza "hammer the iron flat", lakini hasemi "hammer the iron beautiful", hata kama chuma kimependeza. Jambo la ajabu kidogo ni kwamba hata kitenzi kisichochukua mtu kuwa shamirisho lake kinaweza kupewa moja ili kivumishi kipate pa kuegemea. Mashabiki wa Namungo mjini Ruangwa wakipiga kelele hadi sauti zikawakauka, Kiingereza kitasema "The fans shouted themselves hoarse." Ukiondoa "themselves", sentensi inaanguka.

Kundi la vitenzi kama "make", "keep", "leave", "find" na "consider" mnalifahamu, kwa hiyo nitagusa makosa mawili tu. La kwanza ni kuongeza "to be" baada ya "make": andika "The rain made the road slippery" na uishie hapo. La pili ni kuweka kielezi mahali pa kivumishi. Bango la ghala linapaswa kusomeka "Keep the floor clean", si "cleanly". Pengine kosa hilo hugeuza maana kabisa: "She found the question easy" inasema swali lilikuwa jepesi kwake, bali "She found the question easily" inasema hakupata shida kuliona lilipo.

Kujua kitenzi kipi kinakubali muundo huu ni kazi ya kamusi. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, alilitambua hitaji hilo mapema. Kamusi yake ya wanafunzi, iliyotoka Tokyo mwaka 1942, ilionyesha kila kitenzi hufuatwa na muundo gani. Tumia kamusi ya aina hiyo, si ile inayotoa maana peke yake.

SWALI: Mwalimu, nimesoma mahali "The guard pushed open the heavy iron gate." Kwa nini "open" limetangulia shamirisho?
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Lindi

JIBU: Kwa sababu shamirisho ni refu, na Kiingereza hupenda kusukuma kilicho kirefu mwishoni. Ruhusa hiyo wanayo vitenzi na vivumishi vichache vilivyozoeana, kama "push open", "cut short" na "make clear". Shamirisho likiwa kiwakilishi, ruhusa inakoma: ni "pushed it open" tu. Na likiwa sentensi nzima, "it" hushika nafasi yake, kama katika "The headmaster made it clear that the gate would stay shut", ambapo kinachowekwa wazi kimekuja mwishoni kabisa.