Nikisema "leta" wananuna, wakisema "sawa" mzigo hautoki

SWALI: Sasa Anti. Mimi ni Mkenya wa Thika, niko hapa Dar mwezi wa saba sasa nasimamia stoo ya vifaa vya ujenzi. Kazi naijua na Kiswahili naongea lakini na hawa vijana hatuelewani kabisa. Nikiwaambia "leta hiyo risiti" wananyamaza wananiangalia tu. Nikiuliza kama mzigo utatoka kesho naambiwa "sawa bosi, kuna changamoto kidogo ila tutajitahidi", kesho ikifika mzigo uko tu palepale. Naona ni kama wananidanganya. Na juzi mama wa hesabu, mtu mzima, aliniambia mbele ya watu ati nina dharau, na sijawahi kumtusi hata siku moja! Nifanye aje? – J., Dar

JIBU: Pole sana mdogo wangu, ila hao vijana hawakudanganyi, walishakujibu tena siku ileile, wewe ndio hujasikia. Mtu wa huku akikwambia kazini "kuna changamoto kidogo", hilo "kidogo" ni la adabu tu, maana yake gari halijapatikana au hela ya dereva haijatoka na mzigo hauendi. Na "tutajitahidi" siyo ahadi. Kumwambia bosi "hapana" usoni kwetu ni kitu kizito, hata ukimuuliza mtu umeoa anakujibu "bado", awe ana miaka 20 au 60. Kwahiyo ukisikia hilo neno changamoto usigeuke ukaondoka, vuta kiti hapohapo, muulize changamoto gani, nani anakwamisha, nikusaidie wapi. Ila muulize akiwa peke yake, mbele ya wenzake atakujibu "sawa bosi" tena.

Sasa hiyo "leta". Mimi nimekaa Nairobi miaka 2, wiki ya kwanza naingia hotelini kula, kijana kasimama pale mezani hakuna salamu hakuna karibu, "unakula nini?" Nilishikwa na uchungu mpaka njaa ikaisha, nikajiuliza nimemkosea nini huyu. Miezi baadaye nikaibiwa pochi na yuleyule ndiye aliyenipa nauli ya kurudi nyumbani, wala hakuuliza nitarudisha lini. Hapo ndio nikaelewa kwamba ule ukali niliusikia mimi, yeye hakuwa nao. Wengi wenu mmelelewa kwa Kikikuyu, Kiluo, Kikamba, Kiswahili mkakutana nacho shuleni na mtaani, basi "nipe chai" kwenu ni kuomba chai tu yakaisha. Huku Kiswahili ndio kimetulea, shule za msingi za serikali tunasomeshwa kwa Kiswahili tangu 1967, na ombi lina maneno yake: naomba, nisaidie, samahani. Hata dukani kwa hela yako mwenyewe unasema "naomba soda". Ukija na "leta" peke yake yanakuwa maneno makavu, mtu anasikia amri ya mtu aliyekasirika.

Mama wa hesabu ndio ananiumiza zaidi. Nakuuliza, asubuhi unamwamkia vipi? Kama ni "sasa" au "mambo", au unapita moja kwa moja kwenye kompyuta, dharau anayoisema ndio hiyo, matusi hayahitajiki. Kesho nenda mezani kwake kabla hujafanya chochote, "shikamoo mama", subiri aitikie marahaba, muulize za nyumbani na watoto wameamkaje, usikimbie majibu. Halafu mwambie nisamehe mama, kwetu tunaongea hivi, sikujua kama nakukwaza. Usimtumie meseji, nenda mwenyewe.

Na siyo kwamba wewe tu ndio ubadilike, hapana, na wao wanatakiwa wakujue. Waite vijana, waambie kwetu mtu akisema sawa ni sawa, kwahiyo mzigo ukikwama naomba nijue kabla ya saa 10 jioni, sitagomba. Halafu siku ya kwanza wakikuletea hiyo habari mbaya, usigombe kweli.