Swali la Lugha: Je, Protini "Hufanya Reaksyo" na Mwanga?

Mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya Ibanda, hapa Bukavu, ameniandikia hivi: "Kitabu chetu ni cha Kifaransa, lakini nikitaka wanafunzi waelewe nageukia Kiswahili. Juzi nilikuwa naeleza namna bakteria wanavyoutambua mwanga, nikaandika ubaoni: Protini ya bakteria inafanya reaksyo na mwanga wa ble. Mwanafunzi mmoja akasema hicho si Kiswahili. Mwingine akataka niandike inaathirika na mwanga, na wa tatu inaona mwanga. Nani yuko sawa? Na rangi yenyewe tuiite ble, bluu, buluu au samawati?"

Tumalize rangi kwanza, maana haina ugomvi mwingi. Buluu limetoka Kiingereza, ble ni la Kifaransa, na samawati ni Kiarabu, jina la mbingu. Kwa wengi wetu samawati ni rangi ya anga la mchana, na mwanga anaouzungumzia mwalimu, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 450 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), umekolea kuliko hapo. Andika mwanga wa buluu. Ukisema ble sokoni Kadutu kila mtu atakuelewa na mimi sitakusumbua.

Kesi yangu ni na inafanya reaksyo, na wala si kwa ajili ya reaksyo, lile réaction la Kifaransa. Neno la kigeni likija na kitu kipya nalipokea bila manung'uniko; protini lenyewe ni la kigeni na hakuna anayelikataa. Kinachoniudhi, na kimeniudhi kwa miaka, ni hicho kitenzi kufanya. Sentensi ya Kiswahili inabebwa na kitenzi. Ukikiondoa kitenzi chenye maana ukaweka kufanya mahali pake, maana yote unaitwisha nomino, na kitenzi kinabaki kutembea mikono mitupu.

Sikiliza taarifa za habari asubuhi. Viongozi hawaamui tena, wanafanya uamuzi. Hawakutani, wanafanya kikao. Hawatathmini, wanafanya zoezi la kufanya tathmini. Barabara haikarabatiwi, inafanyiwa ukarabati. Na mvua ikinyesha usiku kucha kule mabondeni, tunaambiwa mvua "imefanya uharibifu mkubwa wa nyumba." Muulize mwenye nyumba. Atakuambia nyumba imebomoka, ukuta umeangukia jikoni, maji yamebeba masufuria. Vitenzi vitatu vya kawaida kabisa, na wewe uliyekuwa mbali umeshaona kilichotokea. Mtangazaji alikuwa na dakika nzima, na bado hujui kama nyumba imezama, imepasuka au imeteketea.

Ugonjwa huu tumeupata katika Kifaransa cha ofisini, ambako tendo hupewa nomino nzito na kitenzi chepesi cha kuisindikiza. Wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam wameupata katika Kiingereza cha ofisini, kwa hiyo asije mtu kutuambia ni aibu ya Wakongomani peke yao. Lakini sisi hatuna kisingizio, maana lugha nzuri iko hapo hapo ziwani, haina haja ya kamusi.

Niruhusu nikae kidogo kwenye ziwa hilo. Kila mtu wa Bukavu ameziona usiku zile taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, juu ya Kivu. Sambaza wenyewe si wenyeji. Waliletwa mwaka 1959 kutoka ziwa Tanganyika, na tangu hapo wamekuwa kitoweo cha mji mzima. Muulize mvuvi kwa nini anawasha taa. Atajibu: "Zikiona taa, zinakuya." Upatanisho wa zi na hilo kuya ni vya kwetu, kitabuni tungeandika wanakuja, lakini kitenzi chake hakina kasoro. Mwenzake atasema zinafuata taa. Wa tatu atasema zinakusanyika chini ya taa, na usiku wa mbalamwezi kali hazikusanyiki, ndiyo maana wengi hawatoki. Sikiliza tofauti. Anayesema zinakuja ananipa mwelekeo. Anayesema zinafuata ananiambia taa ikisogea nazo zitasogea. Anayesema zinakusanyika ananiambia zitakuwa nyingi na zitakaa, basi wavu ushushwe. Hakuna hata mmoja aliyesema sambaza zinafanya reaksyo na taa. Angesema hivyo, mwenzake asingejua ashushe wavu au apige kasia, kwa sababu kukimbia nako ni reaksyo.

Na hapo ndipo sentensi ya mwalimu inapoanguka. Yupo bakteria anayeitwa Halorhodospira halophila, mkazi wa maji ya chumvi kali, ambaye hauendei mwanga wa buluu: anaukimbia. Anafanya kinyume cha sambaza, na sentensi iliyoandikwa ubaoni inawaweka wote wawili kwenye chungu kimoja.

Tuingie ndani ya bakteria huyo, maana huko ndiko vitenzi vinakotakiwa zaidi. Mwaka 1985 mtafiti Terry Meyer alieleza protini ya manjano iliyotolewa ndani yake. Ni ya manjano kwa sababu inaufyonza mwanga wa buluu, hasa wa nanomita 446, na kutuachia rangi zilizobaki. Ni protini ndogo, ina asidi amino 125 tu, na katikati yake imeshikilia molekuli ya asidi ya kumariki. Mwanga ukiipata molekuli hiyo, inageuka kwenye kiungo kimoja: ilikuwa imenyooka, sasa imepinda. Kugeuka huko kunakwisha kabla hata ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kisha protoni inahama, na sehemu ya protini inakunjuka. Baada ya hapo inajikunja tena kama ilivyokuwa, yote hayo ndani ya sekunde moja hivi, ikingoja mwanga mwingine. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba bakteria hawa wakikutana na mwanga wa buluu hugeuza mwendo wakaondoka, na kwamba mwanga unaowafukuza unalingana na ule ambao protini hii inaufyonza.

Geuka, pinda, hama, kunjuka, jikunja. Ni kitenzi kipi hapo ambacho mtoto wa Kadutu hakijui? Nawasikia watu wakisema Kiswahili hakina maneno ya sayansi, nami huwajibu kwa mzizi mmoja: kunja, kunjua, kunjika, kunjuka. Tofauti ya kunjuliwa na kunjuka ni ya kisayansi. Kilichokunjuliwa kina aliyekikunjua. Kilichokunjuka kimeachia chenyewe. Protini ya Meyer inakunjuka. Lugha inayoweza kusema hivyo kwa neno moja haikustahili kuvishwa inafanya reaksyo.

Sasa chukua protini nyingine, YtvA, ya bakteria wa udongoni Bacillus subtilis. Hii imebeba flavini, iliyotokana na vitamini B2, nayo hupenda mwanga wa nanomita 450 hivi. Mwanga ukiipata, hakuna kitu kinachopinda kama kule kwenye maji ya chumvi. Flavini inashikana na salfa ya asidi amino iliyo jirani yake, sisteini. Ni kushikana kwa kiungo halisi cha kikemikali, na vikishashikana ule umanjano unafifia. Gizani vinaachana vyenyewe. Katika protini za ukoo huu, baadhi huachana baada ya dakika, nyingine baada ya saa kadhaa. YtvA, flavini yake ikiwa imeshikana, husaidia kuamsha mfumo ambao bakteria huyo hujikinga nao wakati wa dhiki.

Angalia kazi ya kiambishi -ana. Kinakuambia wahusika ni wawili na kila mmoja amemshika mwenzake. Ukiandika reaksyo mwanafunzi atadhani mwanga ndio ulioshikana na protini, na ndivyo sentensi ya ubaoni inavyosema kwa kile kijineno na: protini inafanya reaksyo na mwanga. Si kweli. Mwanga umefyonzwa, umekwisha. Walioshikana ni flavini na sisteini. Kwa hiyo kosa la sarufi limezaa kosa la kemia, na mwanafunzi aliyelipinga alikuwa na haki kuliko alivyojua mwenyewe.

Ukoo huo wa YtvA una ndugu ndani ya Brucella abortus, yule anayewatupisha mimba ng'ombe. Mwaka 2007 ilichapishwa kwamba protini yake huamshwa na mwanga, na kwamba bakteria walioangaziwa waliongezeka ndani ya seli za kinga mara kumi hivi kuliko waliowekwa gizani. Mwalimu, hiyo ni habari ya kuwapa watoto wa wafugaji, na ina kitenzi chake tayari: kuamshwa.

Ya tatu ni AppA, ya bakteria wa zambarau Rhodobacter sphaeroides. Flavini ipo tena, lakini safari hii haishikani na chochote. Vifungo vya haidrojeni vinavyoizunguka vinajipanga upya, na mwanga inaoufyonza unasogea kiasi cha nanomita 10 kuelekea upande wa nyekundu. Badiliko ni dogo, matokeo ni makubwa: pale oksijeni inapokuwa kidogo na giza lipo, AppA inaishikilia protini nyingine, PpsR, mwanga wa buluu ukija AppA inaiachia, na PpsR inakwenda kukaa juu ya DNA na kuzima jeni za usanisinuru, yaani za kujitengenezea chakula kwa mwanga. Inajipanga, inaachia, inazima.

Kwa hiyo ziko protini tatu na mwanga ule ule wa buluu, na matukio matatu yasiyofanana: moja inakunjuka, ya pili viungo vyake vinashikana, ya tatu inaachia. Inafanya reaksyo inazifaa zote tatu sawasawa, na hilo ndilo linalonikasirisha. Kitenzi kinachofaa kila mahali hakijafundisha kitu mahali popote.

Mwanafunzi wa pili alitaka inaathirika. Hapana. Athiri linatokana na athari, alama inayoachwa, na kwa masikio ya leo aliyeathirika ameumia: tunasema walioathirika na mafuriko, walioathirika na vita. Protini inayokunjuka na kujikunja tena haijaumia, iko kazini. Nalikataa hapa kwa sababu linahitajika kwingine. Mwanga wa buluu ukiwa mkali, hasa ule wa karibu na nanomita 405, kweli huwaua bakteria wengi: porfirini zilizo ndani yao huufyonza na kuzalisha oksijeni kali inayounguza seli. Hao wameathirika! Ukilitumia neno hilo kwa YtvA, utabaki na neno gani kwa yule anayekufa? Nimesoma tafsiri zinazosema "mwanga wa buluu huathiri bakteria," nikabaki sijui kama bakteria wameelekezwa au wameuawa.

Wa tatu alisema inaona. Huyu namwelewa, na sitamkaripia. Kuona kunataka zaidi ya protini moja, kwa hiyo kitabuni nisingeliweka. Huhisi linatosha na ni la kweli. Yapo pia huitikia, ambalo waandishi wengi wa sayansi wamelichagua, na nimechoka kupigana nalo. Linatokana na ita: aliyeitwa ameitika. Linakubalika kama neno la jumla, kwenye kichwa cha somo, pale ambapo hujaanza kueleza. Lakini mwalimu akifika kwenye maelezo yenyewe na bado ameng'ang'ania huitikia, amerudi kwenye kufanya reaksyo kwa kanzu safi zaidi.

Basi futa ubao, ndugu mwalimu, uandike hivi: "Bakteria wengine wana protini zinazohisi mwanga wa buluu. Katika YtvA, mwanga ukifyonzwa, flavini hushikana na sisteini; gizani huachana. Katika protini ya manjano ya Halorhodospira halophila, molekuli iliyo katikati hupinda na sehemu ya protini hukunjuka; bakteria hao huukimbia mwanga wa buluu. AppA huiachia PpsR, nayo huzima jeni za usanisinuru."

Usisahau upatanisho, maana niliona kwenye barua yako umeuyumbisha mara moja. Bakteria ana uhai: bakteria huyu anakimbia, bakteria hawa wanakimbia. Protini haina: protini hii inakunjuka, protini hizi zinakunjuka. Na yule mwanafunzi aliyesema hicho si Kiswahili, mpe chaki aandike yeye.