Kwa mnaoanza kukinga bei ya pamba

Juzi kijana wetu mmoja wa ofisi ya Malindi alinijia na karatasi, uso umemkunjamana. "Mama, fyucha zinakula hasara. Tuzifunge?" (Fyucha ni mikataba ya sokoni ya kuuza pamba siku ya mbele kwa bei iliyokubaliwa leo; kuifunga ni kuinunua tena.) Nikamuuliza marobota yaliyoko ghalani yamepanda thamani kiasi gani. Hakuwa ameangalia. Ni wa tatu mwaka huu kuniuliza vilevile, na wote nawapenda, basi someni.

1. Kinga na mzigo ni hesabu moja. Umeuza fyucha New York na pamba iko ghalani: bei ikipanda, fyucha inapoteza, pamba inapata. Ziandike ukurasa mmoja, kila siku.

2. Dhamana, yaani pesa taslimu unazoweka kwa dalali kufidia hasara ya fyucha. Hapa nitakaa.

Mwishoni mwa 2010 nilikuwa na pamba ya Mpeketoni iliyokwisha kuchambuliwa, ratili laki mbili. Nikauza mikataba 4, kila mmoja ratili 50,000. Kiasi kililingana sawasawa. Nilichokosa kukiwazia ni kwamba soko hufunga hesabu kila siku, na robota halilipi mpaka liuzwe. Senti moja ikipanda, mikataba ile ilinidai dola 2,000 taslimu. Na msimu ule bei ilijaa kama maji ya bamvu. Saa nne usiku ikipita nilikuwa natoka barazani na simu mkononi, dalali asije akawaamsha watoto. Siku chache, senti 10: dola 20,000. Kesho tena.

Nilikwenda benki na karatasi za ghala. Wakaniuliza kwa nini wanikopeshe pesa za kulipia hasara. Mkopo ule nilipaswa kuupanga kabla ya kuuza mkataba wa kwanza, nikiwa bado sina shida, na hesabu zote mbili nimezitandaza mezani pao. Machi 2011 bei ikavuka dola 2 kwa ratili. Pesa zikaniishia, nikafunga mikataba yote 4. Marobota nikayashikilia, nikisema yatapanda zaidi yanirudishie. Kufika Agosti bei ya New York ilikuwa karibu nusu ya ile. Nikapigwa bei ikipanda, nikapigwa ikishuka. Wakulima niliowaahidi malipo ya pili walingoja mwaka mzima. Mmoja wao aliuza ng'ombe apate karo. Hilo bado linaniuma.

3. Besisi. Ndiyo tofauti ya bei yetu na ya New York. Fyucha haiilindi, kwa hiyo wekeni daftari la tofauti hiyo kila wiki. Na wewe uliyetaka kukinga sembe kwa fyucha za mahindi za Chicago, nilikukaripia kwa sababu yale ni mahindi ya njano, na mengi huishia kwa mifugo na viwandani. Mahindi meupe ya huku hufuata mvua zetu na lori zinazovuka kutoka Tanzania. Johannesburg wana mkataba wa mahindi meupe, tani 100, nao pia una besisi yake, tena ya randi.

4. Fyucha ni dola, mkulima analipwa shilingi. Kingeni bei ya pamba, na kiwango cha dola pia.

5. Mikataba ya pamba ina miezi yake, Machi, Mei, Julai, Oktoba na Desemba: hamieni mwezi unaofuata kabla ya siku ya notisi, ile ambayo wauzaji huanza kutoa taarifa ya kupeleka pamba yenyewe.

Yule kijana nimemtuma benki asubuhi hii, na swali moja ameliandika: bei ikipanda senti 20 ndani ya wiki mbili, mtatupa kiasi gani, na kwa siku ngapi? Mpaka arudi na jibu la maandishi, hatuongezi mkataba hata mmoja.