Barua kwa mwanangu: kuhusu kuwaiga wazee

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu nilikwambia subiri, hili nitakuandikia. Mteja wako wa Arusha anataka ukuta wa hoteli yake ujazwe wanyama wa tingatinga, ule mtindo wa uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga, na wenzako wanakucheka kwamba ukikubali umekuwa mwigaji. Ukaniuliza: "Mama, wewe uliwapenda sana wale wachoraji wazee. Uliwezaje kuwapenda bila kuchora kama wao?"

Nani alikwambia sikuchora kama wao, baba? Kabla ya chuo nilikuwa nafunika karatasi nyepesi juu ya jarida la katuni la Sani na kumfuatisha Kalikenye, mhusika aliyechorwa na Philip Ndunguru, mpaka mkono ukazoea. Ndunguru alifariki 1986, wahusika wake wakaendelea kuchorwa na watu wengine, na sisi wasomaji tuliendelea kununua.

Chuoni walitukalisha na mkaa na karatasi za manila mbele ya mlinzi wa geti aliyekaa kwenye stuli, tumpime kichwa kwa penseli, tuone mwili wake unaingia vichwa vingapi. Kazi ya kuchosha. Ilinifaa sana, siwezi kuikana.

Lakini aliyenivuruga akili ni mchoraji Sam Ntiro. Mtu wa Machame, wa mlimani kwetu hapa, aliyezaliwa 1923. Alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, yule mama Mwingereza aliyekuwa akiwasimulia wanafunzi tukio kisha wachore wanavyoliona vichwani mwao, halafu Ntiro akaenda shule ya sanaa ya Slade, London. Huko London kote hawakumtoa Machame. Ana picha ya 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi mbege, pombe yetu ya ndizi, usiku; iko New York, kwenye jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa. Mimi niliiona kitabuni tu, maktaba. Watu wa Ntiro ni wadogo, wengi, wanafanana sura, na ukiwapima kwa penseli utakasirika bure. Ila utajua nani kabeba nini na wanaelekea wapi. Mtu aliyekulia Uchaggani haelezwi zaidi ya hapo.

Hicho ndicho nilichokichukua kwake. Rangi zake nilijaribu nikaziacha, hazikunikaa. Ila mpaka leo nikiletewa sentensi ya kitabu cha darasa la pili niichoree picha, "Mama anapika," simchori mama peke yake. Pembeni kuna anayepasua kuni, na kuna mtoto anayesubiri ukoko. Wahariri wengine hulalamika kwamba picha imejaa. Waache walalamike.

Sasa, mchoraji Elimo Njau wa Marangu, aliyemchora Kristo Mwafrika kwenye kuta za kanisa la Murang'a, alikuwa na msemo kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Nyumba yake ya sanaa ya Paa ya Paa, Nairobi, ilijulikana kwa msemo huo. Namheshimu mzee huyo, lakini hapo tunaachana. Edward Saidi Tingatinga alipouawa kwa risasi ya polisi Dar mwaka 1972, alikuwa amechora miaka michache tu, na wanafunzi aliowaacha ni wachache. Wangeona haya kumuiga, leo wewe na mteja wako mngekuwa mnabishana juu ya nini?

Kinachoniudhi kwenye maduka ya Arusha ni twiga waliochorwa na mtu asiyejua kwa nini anafanya hivyo. Tingatinga alitumia rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, juu ya hadibodi. Inakauka polepole, kwa hiyo unapaka usuli, yaani rangi ya nyuma, kwanza, unauacha ukauke, ndipo mnyama anakuja juu yake kwa mistari safi. Wewe unachorea kwenye kishikwambi, rangi inakauka hapo hapo. Ukiufuata mtindo ule bila sababu yake, utachora wanyama waliobandikwa kama stika.

Kwa hiyo ichukue kazi. Kabla ya hapo nenda Dar, Oysterbay, ukae na mafundi wa tingatinga siku mbili hivi, uwaone wanavyoanza na usuli. Nauli nitachangia. Na huyo mteja akupe nusu ya hela kabla hujagusa ukuta. Wenye hoteli nawajua. Ukirudi pitia Moshi, uniletee nibu na wino mweusi, hapa mjini nimezunguka nimekosa.

Mama yako