Kabla ya shule kuna daladala

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Mtoto mwenye usonji asome darasa la kawaida au kitengo maalumu?" Nimelisoma swali lenu mara mbili nikisubiri zamu yangu kliniki ya presha, na mara zote mbili limenikera. Mnauliza kana kwamba vyote viwili viko mtaani, mtu anachagua tu, leo mchicha, kesho matembele. Sisi wa Mbagala swali letu ni jingine: huyo mtoto anafikaje?

Mimi nina mjukuu mwenye usonji (autism), ubongo wake hupokea sauti na mabadiliko kwa namna yake. Mama yake hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini, kwa hiyo miaka miwili nimempeleka mimi. Shule ya jirani, siitaji jina, ilimrudisha wiki ya tatu: kengele ikilia anaziba masikio, anatoka darasani bila ruhusa, anasumbua wenzake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 iko upande wake, sawa, lakini mwalimu aliyesimama peke yake mbele ya watoto mia na ushee utamsomea sheria gani? Tukaelekezwa kitengo cha mjini. Vitengo vipo, kama kile cha Msimbazi Mseto kule Ilala, ila huko si kwa jirani.

Sasa, mume wangu huyu (bibi na mjukuu tuna utani wetu) hasemi mengi, lakini vituo anavijua. Rangi Tatu, Misheni, Mtongani, Aziz Ali, Sabasaba, Bendera Tatu. Hii ilikuwa kabla ya mabasi ya mwendokasi kuanza njia yetu. Tulikaa siti ya nyuma ya dereva, yeye dirishani. Konda akitaja kituo naye anakirudia polepole, na mimi nasinzia kidogo.

Asubuhi moja ya masika foleni ilikuwa haisogei. Dereva kufika Aziz Ali akakunja kushoto, akaingia Tandika. Nikasema moyoni, tumekwisha. Mtoto akaanza: "Sabasaba. Sabasaba." Kisha akapiga yowe, akawa anagonga kichwa kwenye kioo. Nikaweka kiganja changu katikati, kikawa kinapigwa kiganja. Gari limejaa mpaka mlangoni. Mmoja akasema watoto wa siku hizi wamedekezwa. Mama mmoja, kwa huruma kabisa, akanishauri nimpeleke akasomewe. (Nimeshampeleka, mwenzangu, na kombe kanywa. Dua siijutii.) Kijana mmoja akataka tushushwe.

Konda, mtoto wa watu, kandambili miguuni, akapenya hadi kwetu. "Bibi, shikamoo. Anataka nini?" Nikamwambia, mwanangu, anataka Sabasaba. Akatazama nje, tuko katikati ya Tandika. Akagonga bodi mara mbili, akapaza sauti: "Sabasabaaa! Kuna wa kushuka?" Akajijibu mwenyewe: "Hakuna, twende!" Yowe likakatika. Mbele kidogo, "Bendera Tatuuu!" Abiria wakacheka, mmoja akauliza konda kavuta nini asubuhi yote hii. Mtoto akarudia, "Bendera Tatu," akaegemea kioo kilekile. Tangu siku hiyo, gari lake likipita limejaa namna gani, tulipata siti.

Na nyumbani je? Baba yake mkubwa mpaka leo anashikilia kwamba usonji umeletwa na chanjo ya surua, nusura mdogo wa mtoto akose chanjo kwa maneno hayo. Lile andiko la daktari wa Uingereza la 1998, ambalo ndilo lililoyasambaza, jarida lenyewe lilishalifuta 2010. Nimemweleza. Ananijibu ameona kwenye simu. Ikija sherehe tunaambiwa "mtoto mbakishe nyumbani, muziki utamsumbua", na kweli muziki humsumbua, lakini hajatokea hata mmoja wa kusema muziki upunguzwe.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia kitengo, tena bila mjadala, maana kule alijifunza kufunga vifungo vya shati na kuonyesha picha ya maji akiwa na kiu. Naona mkono unaniandikia mengine. Yule konda hakusomea chochote, aliuliza tu. Mwalimu wa darasa la kawaida naye anaweza kuuliza, akipunguziwa watoto na akipewa msaidizi. Kwa hiyo najibu: darasa la kawaida, karibu na kwao. Ila shule iwe na uzio, kwa sababu wetu hukimbia. Ila kengele wapige mbali na darasa lake. Na mtoto ambaye bado hajiwezi chooni, mimi nisingemtoa kitengoni kwa sasa, nasema ukweli.

Januari tumemwandikisha tena palepale walipomrudisha, mwalimu mkuu sasa ni mwingine. Binamu yake wa darasa la nne anamshika mkono kwenda na kurudi. Nimempa mwalimu mpaka mwezi wa tatu. Nauli ya mjini sijaigusa, iko kwenye kopo.

Bibi wa Mbagala, Dar es Salaam