Je, Psion Series 5 itarudi sokoni?

Swali: Mhariri, uvumi umeanza tena kwamba Psion Series 5, ile kompyuta ya kiganjani ya mwaka 1997, itatengenezwa upya. Inawezekana kweli?

Jibu: Kama unangoja mashine ileile yenye jina lilelile, usikeshe. Psion iliachana na kompyuta za watu binafsi mwaka 2001, ikabaki na vifaa vya kazi. Mwaka 2012 ilinunuliwa na Motorola Solutions, ambayo mwaka 2014 iliuza biashara hiyo kwa Zebra Technologies, watu wa vichapishi vya lebo na visomeo vya msimbopau. Hatuoni kwa nini wao wahangaike na shajara ya mfukoni.

Kinachowezekana ni mrithi, na mmoja amekwisha kuzaliwa. Planet Computers ya London ilitoa Gemini mwaka 2018, kibodi yake ikiwa kazi ya Martin Riddiford, yuleyule aliyebuni ya Series 5. Kibodi ilirudi, betri za AA hazikurudi. Gemini ina skrini ya rangi ya karibu inchi 6, inaendeshwa na Android, na huchajiwa kama simu yoyote.

Piga hesabu uone sababu. Betri 2 za AA za alkali hubeba takriban wati-saa 5. Series 5 ilizitumia hadi saa 20 hivi, yaani mashine nzima ilikula kama robo ya wati tu: prosesa ya ARM ya 18 MHz pamoja na skrini ya nukta 640 kwa 240 yenye vivuli 16 vya kijivu, ambayo mchana haihitaji taa. Skrini ya simu ya leo peke yake inaweza kula wati 1, na betri hizo zisifike saa 5. Kwa hiyo anayetaka kuifufua achague: rangi na video, au wiki nzima bila chaja. Sisi tungechukua kijivu.

Prosesa si tatizo. Za bei ndogo kabisa leo zinaizidi ile kwa mbali. Fedha huishia kwenye plastiki. Ukifungua kifuniko cha Series 5, kibodi huteleza mbele na skrini hukaa nyuma yake, ndiyo maana mashine haipinduki ukiigusa skrini kwa kalamu. Kila kipande cha mtambo huo kinadai kalibu yake ya chuma, na kalibu hulipiwa kabla mashine ya kwanza haijauzwa. Miradi mingi ya aina hii hufia hapo.

Swali: Series 5 yangu huchora mistari kwenye skrini, na nikiifungua zaidi picha hupotea. Ni skrini imekufa?

Jibu: Ifungue polepole. Mistari ikibadilika kwa kadiri ya pembe, skrini ni nzima. Kilichochoka ni utepe wa nyaya unaopita kwenye bawaba, ambao shaba yake hukatika kwa kukunjwa kila siku. Usijaribu kuulehemu, plastiki yake huyeyuka. Tafuta utepe mwingine.

Kabla hujashika bisibisi, okoa data. Diski C ya mashine hii ni RAM: ikikosa umeme, kila kitu kinafutika, na kazi ya kuubadili utepe hukulazimu kutoa betri zote. Weka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash, ambayo mashine itaiita D, ifomatie humohumo, kisha nakili folda zako. Nyaraka za Word (ya Psion yenyewe, si ile ya Microsoft) zihamishe pia kama maandishi matupu, maana kompyuta ya leo haiutambui muundo wa asili.

Ukibadilisha betri siku za kawaida, zima kwanza. Usitoe AA na ile ya akiba, CR2032, kwa wakati mmoja. CR2032 hubadilishwa AA nzima zikiwa ndani, na AA hubadilishwa CR2032 ikiwa hai.

Swali: Naweza kutumia AA za kuchaji?

Jibu: Ndiyo. Ila zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo kipimo cha betri kitalalamika mapema ilhali chaji bado ipo. Volti zake hushuka ghafla mwishoni. Onyo la pili usilipuuze.